Historia ya Marehemu Mnoa Misumeno, Katibu wa Kwanza wa Kamati ya Usalama na Afya Kazini

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, familia imemtuma kaka yake mkubwa asome historia hii, naye ameiandika mwenyewe na kuhakiki tarehe zote.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Juni 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba fundi wa boila na mama mfua nguo wa hospitali. Kaka yake alikuwa na miaka mitatu, na tangu usiku huo hakulala tena ubavuni mwa mama, kisa ambacho mama alikisimulia kwa kicheko mpaka uzeeni, na kaka hakukicheka hata mara moja.

Alianza shule Januari 1955, akamaliza darasa la nane Desemba 1962 kwa daraja la kwanza, na cheti chake baba alikitia fremu na kukitundika sebuleni, ilhali cha kaka, ambacho nacho kilikuwa cha kufaulu, kilibaki sandukuni. Baada ya miaka mitano kwa fundi wa kunoa, aliajiriwa tarehe 5 Februari 1968 katika kiwanda cha samani, akapewa chumba cha kunolea misumeno, chenye mawe mawili ya kunolea, dirisha moja na feni ya kuvuta vumbi. Nafasi hiyo alitafutiwa na kaka, msimamizi wa zamu, na kaka hakuchoka kuwakumbusha watu jambo hilo.

Alifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1974 na fundi cherehani, ambaye leo ni mjane, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja. Nyumba yao ilikuwa ya mzaha, hata watoto wa kaka wakiachiwa mlango humkimbilia baba mdogo kabla ya baba yao.

Machi 1986 mkaguzi wa serikali alifika kiwandani, akakuta wafanyakazi themanini na wanne na kamati hakuna, akaeleza kuwa sheria inataka kila sehemu ya kazi yenye watu zaidi ya ishirini iwe na kamati ya usalama na afya, nusu ya wajumbe wateuliwe na mwajiri, nusu wachaguliwe na wafanyakazi wenyewe, ikutane walau kila miezi mitatu, muhtasari utunzwe, na mwajiri ajibu mapendekezo kwa maandishi. Wiki iliyofuata meneja alibandika orodha, na katika safu ya wafanyakazi jina la kwanza lilikuwa la kaka. Ndipo marehemu aliposimama katika bwalo la chakula, mbele ya watu wote, akasema, "Kaka, shikamoo, lakini hapa sheria haisemi uteuliwe, inasema tukuchague." Mpiga randa mmoja akadakia, "Basi tuchague, na msimamizi akae chini kidogo, tumemsikia tangu asubuhi!" Kura zilipigwa siku hiyo hiyo, marehemu akapata sabini na moja, kaka tisa, nne zikaharibika. Marehemu akawa katibu, akaitwa Kipengele kwa jinsi alivyoijua ile sheria, na mkewe akawa anamuuliza jioni, "Leo uko kwangu, au uko kwa mke mwenzangu?" akimaanisha jalada la kamati.

Meneja alimfariji kaka kwa kumteua upande wa mwajiri. Tarehe 3 Novemba 1986 feni ya chumba cha kunolea ilikufa, marehemu akaiweka ajenda ya kwanza. Akidi ilitaka wajumbe wawili wa kila upande, na upande wa mwajiri, kwa kuwa mhasibu alikuwa amehama, walibaki meneja na kaka tu. Kikao cha tarehe 13 Novemba hakikufanyika kwa sababu kaka hakufika, na cha tarehe 12 Februari 1987 vilevile. Siku zote mbili kaka alikuwa katika ghala la mbao, akihesabu mbao alizokwisha kuzihesabu, akiwaza zile kura sabini na moja. Mhasibu mpya alipopatikana, kikao kilikaa tarehe 14 Mei, na feni ikabadilishwa mwezi huo. Miezi sita marehemu alinoa misumeno kwa kitambaa puani.

Kifua kilimsumbua kuanzia mwaka 1999, akastaafu mapema mwaka 2003, akalazwa tarehe 2 Septemba 2014. Kaka alimuuliza daktari kama ni ile miezi sita, daktari akajibu kuwa vumbi la miaka haligawanyiki kwa miezi. Kaka alikaa kando ya kitanda kila siku, na sababu ya kutofika vikaoni hakumwambia. Marehemu alifariki Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2014, akiwa na miaka sitini na sita, miezi minne na siku mbili.

Juzi, akitafuta tarehe za historia hii, kaka alifungua nakala za mihtasari ambazo mjane amezitunza kabatini. Kwa vikao vyote viwili katibu ameandika, "Mjumbe hakufika, ana udhuru." Kaka hakutoa udhuru wowote, na katibu alijua, kwa kuwa dirisha la chumba cha kunolea linatazama ghala la mbao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa kiwandani. Katibu wa sasa wa kamati yupo hapa, na kaka anamwomba, kwa kuwa sheria inataka muhtasari uwe sahihi, aandike marekebisho kwa tarehe hizo mbili: mjumbe hakufika, hakuwa na udhuru, alikuwa na wivu.

Sasa pumzika kwa amani, mdogo wangu.