Muzungu Anachoka, Liévin Iko Wazimu

Katika Kenya, cité ya Waafrika mjini Élisabethville, Kongo ya Wabelgiji, benchi la mbele ya duka la Abibu mshonaji lilijaa mapema asubuhi ile, maana jana yake polisi walimkamata Liévin. Liévin alikuwa mtu wa reli, mpole, jirani wa Abibu. Tangu azike mwanawe alikuwa akiongea peke yake. Jana alivuka hadi mji wa wazungu, akaketi kwenye baraza ya bwana mmoja, akaomba arudishiwe mtoto. Wakamfunga pingu. Sasa kahawa inamiminwa, na Abibu anaendesha cherehani polepole asikose neno.

— Teritwari, ofisi ya Serikali, njo inaamua nani iko wazimu, akasema Paulin, waliyemwita Tribinali kwa kuwa alifagia korti. Banaangalia kodi tu.

— Liévin alilipa, akasema Abibu.

— Basi iko wazimu kabisa. Muntu ya akili akiona mulipishaji, anakimbia.

Nkandu, aliyeitwa Dokta tangu alazwe kwa malaria, akatikisa kichwa.

— Hapana. Munganga ya hospitali njo anaamua. Anakupiga nyundo ku goti. Mguu ikiruka, umemupiga muntu wa Serikali: unafungwa buloko. Isiporuka, umekataa amri: buloko.

Abibu alicheka hadi uzi ukakatika.

— Na ule muzungu aliyepiga bunduki saa ya gare, pale stesheni? akauliza.

— Ule? akasema Tribinali. Muzungu haina wazimu, iko fatigué, anachoka tu. Balimupandisha train, première classe, akapumuzike Ulaya.

— Na sisi tukichoka?

— Sisi tukichoka, tuko bavivu.

Walikuwa bado wanacheka wakati mke wa Liévin, aliyeitwa Mujinga kwa jina la Kiluba, alipofika na sufuria kichwani. Abibu akamwamkia, akamuuliza anatoka wapi.

— Ku buloko. Banasema Liévin haiko mufungwa, iko mugonjwa. Nikaenda ku hospitali. Banasema haiko mugonjwa, iko wazimu. Ku teritwari banasema wazimu banakaa ku buloko.

Akaitua sufuria ya ugali, akaishika kwa mikono miwili.

— Baba Abibu, hii bukari nipeleke wapi?

Abibu akamtazama Tribinali, aliyejua korti. Tribinali akamtazama Dokta, aliyejua hospitali. Dokta akamtazama Abibu. Abibu akasogea kumpisha Mujinga kwenye benchi, lakini Mujinga hakukaa. Alibaki amesimama, akimngoja Abibu amjibu.