Komeo la Ngome

Ndugu, jamaa na majirani zetu, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia yake kwa sababu, kama walivyosema wenyewe, ni mimi niliyemjua kabla hajaanza kufunga milango.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1952, akiwa kitinda mimba wa baba yetu mwashi, katika nyumba hii hii iliyo nyuma ya soko, akaanza shule mwaka 1959 na kumaliza darasa la nane mwaka 1966, akiwa na alama nzuri za hesabu na mbaya za tabia, maana mwalimu akigeukia ubao tu, mdogo wangu alikuwa ameshatokea dirishani.

Tarehe 3 Agosti 1970 aliajiriwa kiwanda cha samani kama mtunza stoo, akitumaini kwamba baada ya muda atahamishiwa kwa mafundi, kwani mikono yake ilimwasha kila alipoona randa, lakini meneja akagundua kwamba katika stoo ya huyu bwana haupotei hata msumari, akakataa kumwachia, na kila alipoomba alijibiwa kwamba hakuna mwingine wa kuaminiwa na funguo, hivyo akakaa nyuma ya wavu wa stoo hadi alipostaafu mwaka 2007, wenzake wakimwita Bwana Funguo, naye akicheka nao, ingawa jina lile lilimkaa kooni. Ufundi alioukosa kazini aliuhamishia nyumbani, katika kibanda cha bati alichokijenga uani, chenye meza ya kazi, jiliwa moja la kubania mbao na mabaki ya mbao.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1977 na wifi yangu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu, wawili wakatutoka wakiwa wachanga, akabaki binti mmoja, aliyezaliwa mwaka 1981, na kwa kuwa aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, mdogo wangu alipiga makomeo kwenye kila mlango wa nyumba, yote kwa nje, kama stoo, mtoto akawa haendi hata dukani bila baba kuja kumfungulia.

Binti alipofika miaka saba aliomba atengenezewe ngome ya kuchezea, na baba yake akaijenga kwa moyo wote, kuta za mbao nyembamba zilizopigwa msasa hadi zikateleza, minara minne, ngazi ya kupanda ukutani, na lango lenye bawaba mbili za shaba, kisha akaikabidhi akijisifu kwamba imara kama hiyo haijapata kuonekana. Mtoto aliitazama, akagusa komeo, akasema, "Baba, umelipiga kwa nje, hii siyo ngome, hii ni jela." Sisi tuliokuwepo tulicheka, mwenyewe hakucheka, akaichukua ngome, akaisukuma chini ya meza ya kazi na kuifunika gunia, akasema mtoto hajui vitu.

Mwaka 2000 binti alipata nafasi ya kusomea uuguzi mji mwingine, baba akakataa, akaombwa na mkewe, akaombwa na mimi, akazidi kukataa, hadi asubuhi moja alipokuwa kazini mama mtu akafungua mlango mwenyewe na kumwambia mwanawe aende. Tangu hapo binti alikuja kwenye misiba na harusi, akasalimia, asilale, na baba yake hakumuuliza kwa nini.

Novemba 2023 marehemu alipatwa na kiharusi kilichoua upande wake wa kulia na kumchukua ulimi, akawa amelala chumba cha uani, macho yakienda kibandani, mkono wa kushoto ukizungusha hewa kama mtu anayefungua kitu, nasi kwa akili zetu tukamletea funguo zote za nyumba, akazitupa sakafuni, akalia, na kwa kweli sijawahi kuona mtu aliyefungiwa ndani ya mwili wake vile.

Aliyeelewa ni binti yake, aliyekuja Januari akakaa. Alitazama ule mkono mara moja tu, akaenda kibandani, akaitoa ngome chini ya gunia, akaiweka juu ya kitanda, akampa bisibisi, akamshika kiwiko, na kwa siku kadhaa baba na mwana wakalegeza skrubu moja moja, wakaling'oa komeo la nje na kulipiga kwa ndani, kazi ya kitoto, lakini wifi yangu aliacha cherehani akasimama mlangoni kuitazama.

Marehemu alifariki tarehe 2 Machi 2024, alfajiri, binti yake akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotubebea maji na viti, na wafanyakazi wenzake wa zamani waliofika na ukongwe wao, kwa fimbo. Ngome anaichukua binti, na matundu ya skrubu yaliyobaki kwa nje amekataa yazibwe.

Mdogo wangu, mtoto wa dirishani, pumzika kwa amani, sasa komeo liko upande wako.