Mahali Anapokwama Mzee Mihayo

Magreth alikuwa Mmoravian, na hakujua nani aliyempa kazi ya kumsikiliza sala mtu anayejiandaa kubatizwa Mkatoliki ndani ya basi la kutoka Igunga. Lakini mzee aliyekaa naye kiti kimoja, Mihayo, alishakosea mara tatu tangu Nzega, naye Magreth hakuwa mtu wa kuvumilia kazi mbovu.

"Babu, umeruka tena. Baada ya mkate wetu wa kila siku kinafuata nini?"

"Nakijua, mwanangu. Miaka miwili ya mafundisho si mchezo."

"Basi kiseme! Kesho padre anakuuliza."

Mzee alivua kofia, akaiweka magotini. "Kipande hicho kinasema tunawasamehe waliotukosea. Mdogo wangu aliuza maksai wangu wote wawili wa kulimia nilipolazwa hospitali, na mvua zilikuwa zimeshaanza. Sijamsamehe. Sasa nimdanganye Mungu hata kabla sijamwagiwa maji?"

Magreth alitaka kumwambia kuwa watu wote husema hivyo hivyo tu, na mambo yanakwenda. Lakini yeye na wifi yake hawasemezani tangu msiba wa mwaka juzi, na sala hiyo huisema kila asubuhi bila kukwama popote.

Basi liliposimama Ipuli, kabla ya kufika stendi, mzee akainuka.

"Babu, si ulisema unashukia stendi?"

"Mdogo wangu anakaa hapa. Nakwenda kumwambia kwamba sijamsamehe," alisema, akivaa kofia yake vizuri. "Mwaka wa tisa huu namchekea tu."