Shangazi Umefika Anaaga Dawati la Rufaa

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, mwenzetu wa dawati la rufaa katika kituo chetu cha afya anastaafu. Jina lake rasmi analijua mhasibu. Sisi wengine, pamoja na wagonjwa, tunamwita Shangazi Umefika, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kwanza kwenye simu, kabla hata ya salamu: "Umefika?"

Kwa wasioijua kazi yake, daktari wetu humwandikia mgonjwa rufaa aende kwa daktari bingwa katika hospitali kubwa. Mgonjwa huitikia kwa heshima, huikunja karatasi, huitia mfukoni, na mambo huishia hapo. Shangazi hakubali yaishie hapo. Hupanga miadi, humweleza mgonjwa ghorofa na mlango, kisha humpigia simu. Asipopokea, humpigia mkewe. Mke naye asipopokea, humpigia mama mkwe, na hapo mgonjwa mwenyewe hupiga haraka sana.

Alianzia mapokezi. Mganga mfawidhi wa wakati ule alimhamishia rufaa baada ya kugundua kwamba wagonjwa walioelekezwa na Shangazi chooni walifika chooni, ilhali walioelekezwa na wengine walikutwa stoo. Enzi hizo, wengi waliopewa rufaa hawakuonekana kwa bingwa yeyote. Siku hizi anayepotea ni wa kutafuta kwa tochi.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mwalimu wa udereva. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, lakini kila alipokumbushwa kwenda kwa bingwa alisema ametingwa na kazi. Ukweli ni kwamba aliogopa kisu. Na kazi yenyewe ilikuwa kufundisha watu kuendesha gari katikati ya mji, naye taa za njia panda akizikisia tu. Shangazi alimpigia mpaka akabadilisha namba. Basi Shangazi akaenda kujiandikisha awe mwanafunzi wake.

Hakuwa amewahi kushika usukani. Alitumia gia namba moja mwanzo hadi mwisho, na kila alipotaka kukata kona aliwasha waipa. Mwalimu alimwambia akate kushoto, akakata kulia. Alimwambia asimame, akaongeza mwendo kidogo.

"Mama, unanipeleka wapi?" mwalimu aliuliza, ameukumbatia mkanda kwa mikono miwili.

"Kwa daktari wa macho. Miadi yako ni saa nne. Usinisemeshe, nitaikosa breki."

Walisimama mbele ya hospitali, gurudumu moja likiwa ndani ya bustani ya maua. Mwalimu alishuka, akaingia mwenyewe bila kushikwa mkono. Baadaye alikiri kwamba baada ya safari ile, kisu hakikumtisha tena. Shangazi alibaki nje akimwomba radhi mtunza bustani.

Mwalimu alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, kisha la pili. Siku alipofunguliwa bandeji ya mwisho, alimtazama mkewe kwa muda, halafu akamwambia hakujua kama ameota mvi, na kwamba zimempendeza sana. Mke alilia. Shangazi naye alitoka machozi, ingawa mpaka leo anasingizia dawa ya kusafishia sakafu. Mwalimu alirudi kazini akiwa anaona vizuri, na jambo la kwanza alilofanya ni kumshauri Shangazi, kwa upole mwingi, aachane na udereva.

Shangazi, ahsante. Kuna watu wanaowaona wake zao leo, na wengine wanaopumua na kutembea, kwa sababu uliwang'ang'ania walipokuwa wanakukwepa. Nenda ukalale mpaka jua likuamshe, wapigie wajukuu simu bila kuwauliza wamemeza dawa gani, na popote utakapokwenda, ukae kiti cha abiria. Afya njema na siku tele za furaha, wewe na mzee wako.