Bi Mahali na Toroli la Walio Hai

Bi Mahali alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa nne na nusu asubuhi, katika wodi ya wanawake ya hospitali ya serikali, kitanda cha dirishani, mumewe akiwa upande mmoja na muuguzi wa zamu upande wa pili, na binti yake hakuwepo. Familia imeona ianze na hilo kwa sababu tangu Jumanne watu wameuliza sana binti alikuwa wapi, wengine kwa upole na wengine kwa kuinua nyusi, na jibu limo ndani ya historia hii, litafika kwa zamu yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Agosti 1952, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba mwashi na mama mshona magodoro, katika nyumba ya vyumba viwili ambamo kila jioni vitu vyote vilihamishwa ili watu wapate pa kulala, na wadogo zake wanasema ndimo alimopatia jina lake, kwa kuwa hakuokota kitu bila kuuliza, hiki mahali pake wapi, akauliza kuhusu kijiko, akauliza kuhusu kiatu kimoja, na shangazi yao alipokuja kukaa wiki akakaa mwaka, akauliza kuhusu shangazi, akachapwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1966, sekondari hadi 1970, akafundisha kwa muda darasa la pili, kisha akajiunga na chuo cha ukutubi alikopata stashahada mwaka 1974, na tarehe 3 Machi 1975 aliajiriwa na maktaba kuu, idara ya miswada, ambako alifanya kazi moja kwa miaka thelathini na saba, kupanga maboksi ya karatasi za watu na kuyapata yanapohitajika.

Mumewe alikutana naye Agosti 1979 kwenye lifti ya mizigo ya maktaba hiyo, marehemu akiwa ndani na toroli la maboksi, lifti imekwama katikati ya ghorofa mbili, na mume, ambaye alikuwa fundi lifti, akiwa juu ya paa lake na spana mkononi, wakaongea kupitia tundu la taa kwa muda ambao mpaka juzi hawakuwahi kukubaliana, mume akisema robo saa, mke akisema tangu asubuhi. Walifunga ndoa tarehe 5 Aprili 1980, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1982, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na mdogo wake wa kiume aliyezaliwa 1985, dereva wa malori ya safari ndefu, aliyefika jana mchana na yuko nasi.

Kazi ya marehemu inahitaji maelezo kidogo, maana yaliyofuata yalitokana nayo. Stoo ya miswada iko chini ya ardhi, haina dirisha, kila safu ina taa yake ya kuvuta kamba, na aliyeko safu ya tatu hamwoni aliyeko safu ya nne ila husikia nguo zake. Mtu akitoa karatasi zake kwa maktaba, barua, hotuba, michoro, madaftari, zinatiwa kwenye maboksi, na kila boksi linapewa namba ya mahali, yaani safu, rafu na nafasi, na namba hiyo haibadiliki tena. Lakini mtu akiwa bado analeta karatasi, maboksi yake hayapewi namba, kwa sababu yataongezeka na kuwasukuma majirani, hivyo hukaa kwenye toroli karibu na mlango mpaka aseme amemaliza, au afe. Ndiyo maana wafanyakazi waliliita lile toroli wodi, na asubuhi walikuwa wakimuuliza marehemu kwa utani wagonjwa wameamkaje.

Mwaka 1998 mkurugenzi wa maktaba aliagiza wodi ivunjwe, maboksi yote yapewe namba, kwa kuwa ukaguzi ulikuwa unakuja na hakutaka wageni wakute toroli mlangoni. Marehemu alianza na maboksi ya mkunga mstaafu, mwanamke mcheshi aliyekuwa akileta mfuko mmoja wa karatasi kila baada ya miezi michache, na kila akija anataka chai. Alimpangia safu ya saba, rafu ya pili, siku ya Alhamisi, tarehe 14 Mei. Jioni ile mkunga alianguka jikoni kwake, akafa. Alikuwa na miaka themanini na moja, na hakuna aliyeona ajabu. Februari 1999, tarehe 8, siku ya Jumatatu, mkurugenzi aliposisitiza tena, marehemu alipanga maboksi ya mpimaji ardhi, mwanamume wa miaka hamsini na sita ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa ameleta ramani na kupanda ngazi kwa miguu ili kuipisha lifti ibebe mizigo. Alifia kwenye kiti cha basi kabla hajafika kwake, na kondakta alidhani amelala, akampitisha kituo.

Kuanzia siku hiyo marehemu alikataa kumpa namba mtu aliye hai. Mkurugenzi alimwita ofisini, akamwambia kwamba yeye ni mtaalamu, ana cheti, na mambo ya kishirikina hayana nafasi katika idara ya serikali. Marehemu alijibu kwa maneno ambayo mkurugenzi mwenyewe ameyathibitisha kwa familia.

"Mimi sijasema nawaua. Nimesema sijaribu mara ya tatu."

Mkurugenzi alitaka kumaliza ubishi kwa vitendo, akashuka stoo na boksi la hotuba zake mwenyewe, akalipatia namba, akalisukuma rafuni kwa mikono yake na kubandika kibandiko, huku wafanyakazi wakitazama. Hakufa. Ila wiki iliyofuata boksi lake lilikutwa kwenye toroli, likiwa halina kibandiko. Akalirudisha, likakutwa tena kwenye toroli. Alimuuliza marehemu, marehemu akasema hakuligusa, akawauliza wengine, wakaapa, akachukua ufunguo wa stoo akakaa nao mwenyewe, na Jumatatu alipofungua mlango boksi lilikuwa kwenye toroli. Alilitazama, akazima taa, akapanda juu, na suala la kuvunja wodi halikuzungumzwa tena kwenye kikao chochote. Mkurugenzi huyo mstaafu yuko hapa leo, ana miaka themanini na tatu, ameketi kiti cha pili kutoka mlangoni, na ameruhusu haya yasomwe, akaongeza kwamba boksi lake liachwe lilipo.

Marehemu alistaafu tarehe 11 Agosti 2012, na kwa kuwa maktaba ilikuwa imenunua toroli jipya, alikabidhiwa lile la zamani kuwa zawadi ya kumuaga, lenye gurudumu moja linalolia. Alilikalisha ukumbini nyumbani kwake, akaweka juu yake boksi moja, la karatasi za mumewe, michoro ya lifti, vibali vya kazi, risiti za matairi, na watu walifikiri ni mapenzi ya kizee tu. Karatasi zake mwenyewe alizipeleka maktaba kidogo kidogo, zikafika maboksi matatu, zikawekwa kwenye wodi, sasa toroli jipya, pamoja na za wengine.

Machi 2019 daktari aliiambia familia kwamba moyo wa mume umepanuka na kwamba wajiandae, pengine mwaka hautaisha. Marehemu alirudi nyumbani, hakulia, akamwambia mumewe kuanzia leo anataka karatasi moja kila siku kwa ajili ya boksi, yoyote, iwe na neno lake. Mume alitii kama anavyotii mpaka leo, akaandika juu ya lifti alizowahi kutengeneza, watu waliowahi kukwama, bei ya sukari, ndoto zake, na siku alipokosa la kusema alilalamika kwamba leo hana la kuandika, akaambiwa aandike kwamba hana. Binti hakupendezwa na jambo hilo, alisema wazi kwamba mama anamchosha mzee kwa imani isiyo na kichwa wala miguu, na mama alimjibu, acha achoke. Mwaka uliisha, na mingine ikafuata.

Februari 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alilazwa mara tatu, na mara ya tatu, kuanzia tarehe 9 Oktoba, hakutoka.

Ijumaa, tarehe 18 Oktoba, binti alikuwa akisafisha nyumba ya wazazi ili kupokea wageni wa kumjulia hali mama, akaliona toroli linaziba njia ukumbini, akalichukua boksi la baba, akalipandisha kabatini chumbani, rafu ya juu, na kwa kuwa ni mtoto wa mama yake, akakata karatasi, akaandika jina la baba na mahali, akaibandika. Alipotoka chumbani alimkuta baba amelala sakafuni kando ya kiti. Jirani, ambaye ni dereva wa teksi, aliwakimbiza hospitali ileile alikolazwa mama. Muuguzi wa wodi ya wanawake anasema kwamba kabla gari halijafika, kabla mtu yeyote hajapiga simu, marehemu, ambaye kwa siku mbili hakuwa ameinua kichwa, alikaa kitandani akauliza kwa sauti ya kazini.

"Nani amepanga boksi la mume wangu?"

Daktari alieleza kwamba mzee alikuwa amerudia dawa ya presha kwa kusahau, na presha ikashuka, na familia inaamini maelezo ya daktari. Familia inaeleza pia kwamba binti, alipoambiwa na muuguzi mama aliuliza nini, alirudi nyumbani, akashusha boksi, akachana kibandiko, akalirudisha kwenye toroli. Baba alizinduka mchana ule. Kipi kilitangulia hakijulikani, kwa sababu hakuna aliyetazama saa.

Tangu hapo binti hakuzungumza tena juu ya imani. Aliipokea karatasi ya baba kila siku, akaiweka kwenye boksi, akaenda hospitali.

Mwanzoni mwa Novemba maumivu ya marehemu yalizidi dawa. Hakuweza kulala, hakuweza hata kufunikwa shuka, na daktari, alipoulizwa na binti, alisema hakuna cha kuongeza, na kwamba moyo wa mama una nguvu, hali hii inaweza kuendelea kwa wiki nyingi. Jumatatu, tarehe 11, mhifadhi wa sasa wa miswada, aliyefundishwa kazi na marehemu, alikuja kumtazama, na marehemu akamwomba akayapange maboksi yake matatu, safu ya saba, rafu ya pili, jirani na mkunga. Mhifadhi alisimama, akasema bi mkubwa, niombe kingine chochote, akatoka nje kulia. Ndipo marehemu alipomgeukia binti.

"Nimekaa sana kwenye toroli, mwanangu. Nenda ukanipange."

"Mama, mimi siamini hayo mambo."

"Basi huna cha kuogopa."

Binti aliondoka hospitali Jumanne asubuhi, baada ya kumwosha mama uso na kumchana nywele. Mhifadhi alimfungulia stoo, akamwonyesha maboksi, akabaki mlangoni, na yote yanayosomwa hapa kuhusu stoo ameyaeleza yeye. Binti alivuta kamba ya taa ya safu ya saba. Kando ya maboksi ya mkunga palikuwa na nafasi, imefutwa vumbi, na mhifadhi anasema hakuifuta yeye. Aliweka boksi la kwanza, akaweka la pili. La tatu alilishika kifuani, akaongea nalo kwa muda, na mhifadhi alisikia maneno lakini amesema si yake kuyarudia. Kisha akalisukuma, akabandika vibandiko, cha kwanza, cha pili, cha tatu, simu yake ikaita akaiacha iite, akalainisha kibandiko cha mwisho kwa kidole gumba mpaka pembe zikashika. Mhifadhi anasema wakati huo toroli, lililobaki na boksi la mkurugenzi na maboksi ya watu wengine wanne, lilisogea peke yake kutoka ukutani kiasi cha mkono, na kwamba sakafu ya pale ni bapa. Binti alitoka, akapokea simu. Alikuwa baba.

Hapo ndipo binti alipokuwa. Yapo maneno yanayosemwa mtaani kuhusu marehemu, na mengine juzi yamehamishiwa kwa binti, na familia inaomba yaishie hapa, kwa sababu marehemu hakuwahi kumtakia mtu mabaya, na binti alifanya alichotumwa na mama yake.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa muuguzi aliyekuwa upande wa kushoto wa kitanda, inamshukuru jirani dereva wa teksi ambaye amekataa kulipwa mafuta, majirani wote walioleta viti na maji, mkurugenzi mstaafu, mhifadhi na wafanyakazi wa maktaba, ambao wameomba majina ya walio kwenye toroli yasitajwe, na familia imekubali.

Pumzika kwa amani pale ulipopachagua mwenyewe, Bi Mahali, ukijua kwamba saa moja na nusu asubuhi ya leo, kabla hatujatoka nyumbani, mumeo amempa binti yako karatasi, imeandikwa kwamba leo hana la kuandika, na binti ameipokea, ameitia kwenye boksi, na boksi liko kwenye toroli.