Msoma Mawe Aliyekataa Kuongezewa Miaka Miwili

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Ijumaa tarehe 30 Juni msomaji wetu wa umri wa samaki atafunga droo zake na kustaafu. Wengi mnamfahamu kwa jina la Mama Mawe. Jina hilo nililikuta nilipoajiriwa, na hata mumewe hulitumia akija kumwulizia getini.

Mawe yenyewe ni madogo kuliko punje ya mchele. Samaki anayo ndani ya sikio, na kila mwaka unaopita jiwe huongeza pete moja. Likikatwa, likasuguliwa hadi liwe jembamba, likawekwa chini ya hadubini, mwenye jicho atahesabu pete na kukwambia samaki aliishi miaka mingapi. Bila umri huo, sisi watakwimu tunaotathmini wingi wa samaki waliobaki baharini tunabaki kukisia, na wavuvi wanapangiwa kiwango cha kuvua kwa makisio yetu. Kwa mujibu wa madaftari yake, Mama Mawe amesoma mawe laki moja na elfu kumi na mbili.

Ana sheria moja asiyoilegeza. Kila bahasha ya jiwe huandikwa urefu wa samaki lilimotolewa, na yeye huubandika karatasi juu usionekane kabla hajagusa hadubini. Wageni hudhani ni ushirikina. Mimi nilidhani ni uzee.

Mwaka mumewe alipofanyiwa upasuaji, alichukua likizo ya wiki sita, nami nikajitosa kumshikia kiti. Nilikuwa na shahada mbili na kiburi cha kutosha. Sikubandika karatasi. Nikiona samaki mrefu, jicho langu lilizipata pete nyingi bila shida. Samaki wakubwa wote wakageuka wazee, na katika rasimu yangu ya tathmini ikaonekana uvuvi hauwasumbui kabisa, wanazeeka kwa raha zao. Aliporudi aliyasoma upya mawe yote mia tisa, akakuta zaidi ya nusu nimeyaongezea miaka. Ripoti ilikuwa bado mezani kwa Mkurugenzi. Saa moja zaidi ingekuwa imetoka. Hakunisema mbele ya watu. Aliniita pembeni akaniambia, "Mdogo wangu, wewe hukusoma mawe, ulisoma rula." Nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa niseme jambo ambalo kamati ya sherehe ingependa nilipitie juujuu. Ikama ya maabara yetu, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, ni wasomaji watatu. Mmoja alihama, mwingine akastaafu, na kwa miaka kumi na moja Mama Mawe alisoma peke yake. Kati ya aina saba za samaki tunaotakiwa kuwatathmini, alimudu mbili. Mawe ya aina tano zilizobaki yamejaa kwenye makabati ya korido, yale mnayoegemea mkisubiri chai. Kidole kimoja hakivunji chawa, naye aliandika hivyo kwenye barua ya maombi ya watumishi, karibu kila mwaka. Jibu lilikuwa lilelile: kazi si inafanyika?

Hilo ndilo lililomuuma. Aligundua kwamba juhudi zake mwenyewe ndizo zilizoficha pengo. Kila alipofanya kazi hadi jioni, kule juu walihesabu kwamba mtu mmoja anatosha.

Mwaka jana uongozi ukampa mkataba wa miaka miwili baada ya kustaafu, pamoja na barua ndefu ya sifa. Aliona anavishwa kilemba cha ukoka. Sote tulimsihi akubali, mimi nikiwa mstari wa mbele, maana nilimhofia yule atakayekuja kama nilivyokuja mimi. Akatujibu, "Nikibaki mimi, hamtaajiri mtu." Akaurudisha mkataba bila saini. Nakiri nilimkasirikia, niliona anatuacha baharini bila kasia.

Ndani ya wiki tano kibali cha kuajiri wawili kikatoka. Wakaja mwalimu wa biolojia aliyechoka na chaki, na fundi wa meno bandia mwenye mikono isiyotetemeka. Mama Mawe aliwakalisha kila mmoja upande wake kwa miezi kumi na moja. Kila bahasha karatasi, kila jiwe mara mbili, na asiye na uhakika aandike kwamba hana uhakika. Mwalimu wa biolojia anasema hajawahi kusahihishwa hivyo tangu darasa la nne.

Mwezi uliopita ukaja mtihani. Mawe mia mbili yalisomwa na wote watatu bila kuonana, kisha yakapelekwa maabara nyingine yakahakikiwe. Majibu yalifika kwangu. Fundi alikuwa ametofautiana na Mama Mawe kwenye mawe kumi na tatu, na katika manane, wahakiki walisema fundi ndiye sahihi. Nilizunguka korido mara tatu kabla ya kumpelekea karatasi ile.

Aliisoma akiwa amesimama. Akayatoa yale manane, akayatazama moja baada ya jingine, asubuhi nzima. Fundi alikuwa anatoka jasho. Mwisho Mama Mawe akachukua kalamu, akasahihisha daftari lake mwenyewe mara nane, akatia saini. Kisha akacheka, cheko la mtu aliyetua mzigo, akaja ofisini kwangu kuniambia sasa anaweza kwenda.

Asante, dada yetu mkubwa, kwa macho yako na kwa ukaidi wako. Nafasi ya tatu bado iko wazi, na barua ya kuiomba mwaka huu nimeiandika mimi. Tunakuombea afya, amani nyumbani na asubuhi za kulala hadi utosheke. Na tukikupigia simu kuuliza umri wa samaki, usipokee. Kazi ina watu.