Unga wa Siku Mbili

Benchi ni langu. Niliseme hilo kwanza, maana ukipita hapa Mjimwema ukaona walivyolikalia utadhani wamerithishwa. Nililigonga kwa mbao zilizobaki nilipoezeka nyumba, ili wateja wangu wakae wakisubiri nguo zao, na tangu siku hiyo mteja akija husimama. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kushona sare za shule na kusikiliza ujinga, na hiyo ya pili ndiyo inayonichosha. Mwisho wa benchi, upande wa kivuli, Abdulhamid huweka jiko lake na birika la kahawa. Katikati hukaa Otto, tunayemwita Mizani kwa sababu alipima mahindi ya watu ghalani miaka kumi na minane, na mpaka leo hutembea na mizani ndogo ya kuning'iniza mfukoni kama wengine wanavyotembea na kitambaa. Pembeni yake hukaa Daimu, aliyeishi Durban miezi saba na hajatupa nafasi ya kusahau. Kwa utani tunamwita Durban. Jumatatu hiyo, saa nne asubuhi, mwezi wa nane, akaja Mzee Polikarp na mfuko wa shangazi kaja. Akauweka katikati ya miguu yake, akatoa simu.

— Mtoto ameandika, akasema. Safari hii sijamwelewa.

— Soma, akasema Otto.

Polikarp akasoma polepole, simu ameishika mbali na macho.

— "Baba, shikamoo. Ule unga mlionitumia nimeusonga mara tatu. Hauna ladha ya nyumbani. Sijui ni mimi au ni huku. Mwambie mama."

Careen yuko Ujerumani, anasomea uuguzi, mwaka wa pili. Mara mbili kwa mwaka Sista Notburga huenda huko kwa shughuli za shirika lao, na katika mizigo yake huwaachia Polikarp na mkewe nafasi ya kilo tano. Zote tano huwa unga. Unga wenyewe ni ule wetu wa kuloweka: mahindi yanakobolewa, yanakaa majini mpaka yaanze kunuka na majirani waanze kulalamika, halafu yanaanikwa na kusagwa.

— Sista anaondoka Alhamisi, Polikarp akasema. Nataka nijue kosa liko wapi kabla sijafunga mzigo.

Sasa hapa kuna jambo ambalo benchi zima lilikuwa linalijua na hakuna aliyelitaja. Aurelia, mke wa Polikarp, alianguka jikoni wakati wa Kwaresima. Upande mmoja umepooza na maneno hayatoki. Careen hajaambiwa. Otto, ambaye ni wa ukoo wa Aurelia, ndiye aliyeshauri wamfiche mpaka amalize mitihani mwezi wa tisa, asije akatupa masomo na kupanda ndege. Tulikubali wote, na mimi nikiwemo. Kwa hiyo mtoto akimuulizia mama yake huambiwa yuko shamba, Mpitimbi, mtandao hausomi. Miezi mitano mama yuko shamba. Hakuna palizi ya miezi mitano, lakini ndivyo tulivyokubaliana.

— Ni maji, akasema Daimu. Mzee Poli, usihangaike, hilo mimi nimelipitia. Nilipokuwa Durban nilisonga ugali, ukaiva, ukameta. Nikatia mdomoni. Nikasema, Daimu, unakula ukuta.

— Ukuta una ladha gani? nikamuuliza.

— Fundi, wewe shona. Maji ya wenzetu yameoshwa. Yakishaoshwa hayashiki unga. Mpelekee maji yetu ya mlima Matogoro, chupa moja tu, awe anachanganya kidogo kidogo.

Akainuka, akaenda bombani kwa jirani, akarudi na chupa imejaa. Otto akaitundika kwenye mizani yake.

— Kilo moja na kidogo, akasema. Weka.

Polikarp akaiweka mfukoni. Hakubisha. Siku nyingine angebisha, maana ni mtu wa kubisha hata bei ya kiberiti.

— Maji sawa, akasema Abdulhamid akimimina kahawa, ila mnasahau moto. Kule wanapikia umeme. Umeme unachemsha, haupiki. Chakula kinaiva bila kujua kimeivaje. Wallahi hata kahawa hii ningeipikia umeme msingeinywa.

— Tungeinywa, nikasema. Tunakunywa bure.

— Mkaa, akaendelea, hakunisikia. Mkaa wa miombo. Akiufukiza tu chumbani kabla ya kusonga, harufu inatosha.

— Wana king'ora cha moshi, akasema Daimu. Niliona Durban. Ukiunguza kitunguu wanakuja watu na mipira ya maji.

— Afukize kidogo. Anafungua dirisha.

Abdulhamid akachagua vipande vinne vya mkaa kwenye gunia lake, akavifunga kwa gazeti. Otto akapima. Mfukoni.

— Mnazunguka, akasema Otto mwenyewe sasa, na mimi nikapunguza mwendo wa cherehani maana Otto akianza huwa anafika mbali. Ladha ni uzito. Miaka kumi na minane nimepima mahindi. Gunia la bondeni na gunia la mlimani hayalingani, na mahindi ni yaleyale. Sasa wewe unachukua unga, unaupandisha juu ya mawingu. Kule juu vitu havina uzito wake. Mfuko unavimba, ladha inatoka taratibu. Ukishuka chini uzito unarudi, ladha imebaki huko.

— Imebaki wapi? akauliza Abdulhamid.

— Angani.

— Na abiria wenyewe je?

— Si unaona wakirudi wanavyokuwa, akasema Otto, akamtazama Daimu.

Daimu akasema yeye alikwenda kwa basi. Halafu, ili asishindwe, akaja na jambo la ulimi. Kwamba mtu akiishi kwa watu, mwili unachukua uraia kipande kipande, na ulimi ndio unaotangulia, kwa sababu hauna mfupa wa kuukataza. Otto akasema kama ni hivyo basi hata upande wa kusongea unahusika: dunia imeinama, sisi tuko chini, wao wako juu, na ugali unaosongwa kulia kwetu, kwao lazima usongwe kushoto, la sivyo unausonga kinyume na dunia. Akataka mtoto apelekewe mwiko wenye alama. Mwiko ukaletwa kutoka kwa mke wa Abdulhamid, ukachorwa mshale kwa chaki yangu ya kukatia nguo, ukapimwa. Kisha kilo mbili za chumvi, kwa sababu mtu alisema chumvi. Nadhani ni mimi. Kusikiliza kwa muda mrefu kunaharibu mtu.

Otto akautundika mfuko mzima. Sindano ikacheza, ikatulia.

— Kilo nne na nusu, akasema. Unga utakaa nusu.

Polikarp akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshika kikombe muda wote na hajanywa.

Katikati ya haya alikuwa amefika mama mmoja na sketi ya shule ya mwanawe, pindo limefumuka. Alitoka Lusewa mwezi uliopita, amepanga nyumba ya nyuma huko, jina lake Esteria. Alitusalimia shikamooni, tukaitikia marahaba, hakuna aliyempisha kwenye benchi. Akasimama kama wateja wangu wote wanavyosimama, akasikiliza kuanzia kwenye moto mpaka kwenye mwiko.

— Samahani, baba zangu, akasema. Mimi ni mgeni. Huo unga aliouonja huyo mtoto, aliuloweka nani?

Cherehani ilisimama, na sikuwa nimekusudia kuisimamisha. Otto akaanza kuifuta mizani yake. Abdulhamid akasuuza vikombe ambavyo vilikuwa safi.

— Mimi, akasema Polikarp.

— Siku ngapi, baba?

— Mbili.

— Kwetu ni nne.

— Na kwangu ni nne, nadhani. Miaka thelathini nimeula, sikuwahi kuhesabu.

Akaweka kikombe chini.

— Nilimuuliza mama yake, akaendelea. Amelala pale, anasikia vizuri, ila kusema hawezi. Nikamwambia, Aurelia, nataka kumtumia mtoto unga, mahindi yanakaa majini siku ngapi? Akanyanyua mkono wake wenye nafuu, akanionyesha vidole viwili. Mimi nikafurahi kabisa kwamba amenijibu. Nikaloweka mbili, nikaanika, nikapeleka mashineni. Juzi namnywesha uji ndio nikauangalia ule mkono sawasawa. Hata huo, vidole vinavyonyooka vimebaki viwili tu. Nimekuja hapa nikiomba mniambie kosa lingine.

Niliona aibu. Siwezi kuwasemea wengine, lakini mimi niliona aibu, kwa ile chumvi na kwa mengine.

— Basi ulimi wa mtoto ni mzima, akasema Esteria taratibu. Ameonja kilichopo.

— Mitihani ni mwezi wa tisa, akasema Otto. Tulikubaliana, shemeji. Umebaki mwezi mmoja.

— Ameandika "sijui ni mimi", Otto.

— Mwezi mmoja tu.

— Nimeisoma mara kumi hiyo. "Sijui ni mimi au ni huku." Mtoto anajitilia shaka ulimi wake kwa sababu ya uongo wangu. Na mwishoni amesema nimwambie mama. Nikimwambia mama anatoa machozi upande mmoja, ule mwingine umekauka. Nimfute, nirudi hapa kupima mkaa.

Otto akarudisha mizani mfukoni.

— Leo ni Jumatatu, Polikarp akasema, kama anajihesabia mwenyewe. Niloweke leo, siku nne, kuanika, kusaga. Alhamisi haifiki.

— Haifiki, akasema Esteria.

Polikarp akainama, akaanza kutoa vitu mfukoni kimoja kimoja na kuvipanga kwenye benchi langu: chupa ya maji, mkaa, chumvi, mwiko wenye mshale. Mfuko ukalala chini. Akaukunja, akauweka chini ya kwapa. Akachukua simu, akatafuta jina la Careen, kidole kikabaki hewani.

— Saa hizi kwao ni saa ngapi? akauliza.

Daimu akatazama ndani ya kikombe chake. Otto akaangalia jua. Abdulhamid akainamisha birika ili aonekane ana kazi, yakatoka machicha. Tulikuwa tumekaa asubuhi nzima tukiyajua maji yao, moto wao, na namna dunia yao ilivyoinama.

— Atakuwa darasani, akasema Otto kwa sauti ndogo. Au labda amelala.

Polikarp akatutazama mmoja mmoja, mpaka mimi. Nilikuwa nimeishika ile sketi ya mtoto wa Esteria na sindano haina uzi.

Basi akapiga hivyo hivyo.